Meseji ya Malipo Unaihifadhi. Na Matokeo ya Vipimo Je?

Fungua simu yako hapo ulipo. Ukitafuta meseji ya pesa ulizomtumia fundi wa bomba miezi miwili iliyopita, utaipata haraka tu: tarehe, saa, jina lake, kiasi na ile namba ya muamala. Fundi akija kukana kwamba ulimlipa, unamwonyesha na kesi inaisha hapo.

Haya, sasa tafuta matokeo ya mwisho ya damu yako. Yalipimwa lini? Wapi? Na yale ya kabla ya hayo, yako wapi?

Kama umeanza kujikuna kichwa, karibu, tuko wengi. Mimi kazi yangu ni kukumbusha watu watunze rekodi zao za malipo, lakini Januari 2025 nilikaa mbele ya daktari na mamangu nikashindwa kujibu swali moja rahisi. Tangu siku hiyo nina msimamo, na leo nataka nikuuzie: matokeo ya vipimo ulivyolipia ni mali yako. Usiyaache hospitalini, usiyaache WhatsApp. Yatunze wewe mwenyewe, kwa mpangilio, kama unavyotunza pesa.

"Ya mwisho ilikuwa ngapi?"

Mamangu anaishi Molo. Ana kisukari na presha, sasa ni zaidi ya miaka kumi. Siku za kawaida anaonwa kituo cha afya karibu na nyumbani. Mambo yakizidi anapelekwa Nakuru. Na akija Nairobi kunitembelea akaanza kuumwa, ninampeleka kliniki iliyo karibu na kwangu. Hizo ni sehemu tatu, madaktari watatu na faili tatu, na kila moja inaanza ukurasa wa kwanza.

Januari hiyo alifika miguu imevimba. Daktari alikuwa mpya kwetu, mtu mpole asiye na haraka. Akaagiza damu ipimwe, kisha karatasi ikarudi.

"Mama, kreatinini yako ni 141. Ya mwisho ilikuwa ngapi?"

Kama hujui kreatinini ni nini, hata mimi sikujua. Ni uchafu unaotokana na kazi ya misuli, na figo ndizo huutoa kwenye damu. Figo zikilegea, namba inapanda.

Mama akanitazama. Mimi nikatazama simu. Nilijua kabisa kuna matokeo niliwahi kutumiwa kwa WhatsApp, lakini yalikuwa kwa simu ya zamani, ile iliyoanguka kwenye maji. Karatasi zingine zilikuwa Molo, juu ya kabati, ndani ya bahasha ya khaki pamoja na hati ya shamba na kadi za harusi za watu.

"Sawa. Anatumia dawa gani?"

"Ile nyeupe ya sukari," Mama akajibu, "na ile ndogo ya presha. Na ile ya magoti."

"Ya magoti inaitwaje?"

Kimya.

Daktari hakutukaripia. Alisema tu kitu kimoja ambacho kimenikaa kichwani: hiyo namba moja, ikiwa peke yake, haikumwambia kama figo zilianza kusumbua wiki iliyopita au miaka mitano iliyopita. Na hizo ni hali mbili tofauti kabisa. Moja unakimbizwa wodini, nyingine unapangiwa matibabu ya muda mrefu. Alihitaji namba za nyuma, na sisi ndio tulikuwa nazo, ila hatukujua ziko wapi.

Taarifa ya miamala ilituonyesha njia

Usiku huo niliomba taarifa ya miamala yangu. Bili nyingi za Mama nalipa mimi. Yeye hunipigia akiwa dirishani, "Baba, tuma ya maabara," nami natuma moja kwa moja kwa namba ya kulipia ya hospitali. Kwa hivyo karibu kila mara alipopimwa, kuna mstari kwenye taarifa yangu wenye tarehe na jina la mahali.

Nikapekua mstari kwa mstari. Aprili 2023, hospitali moja. Februari 2024, maabara ya kibinafsi ambayo hata sikumbuki tulienda. Asubuhi nikawapigia nikiwa na tarehe na namba za muamala mkononi. Maabara ikatuma matokeo siku hiyo hiyo. Kule hospitalini ilibidi dada yangu aende mwenyewe, na kitambulisho cha Mama na barua yake ya ruhusa. Aliambiwa faili haionekani, arudi kesho. Safari ya tatu ndiyo akapewa nakala.

Tulipoziweka karatasi mezani, ya kwanza ilisema 1.0, ya pili 109, ya tatu 141. Mimi nilidhani ile ya kwanza ni kipimo kingine. Kumbe ni kilekile, ila maabara moja iliandika kwa miligramu kwa desilita, na hizo zingine mbili kwa mikromoli kwa lita. Ukigeuza, ile 1.0 ni kama 88.

Kwa hivyo: 88, halafu 109, halafu 141. Chini ya miaka miwili.

Kila daktari aliyeona namba yake alikuwa na sababu ya kutoshtuka. Wa kwanza aliona namba ya kawaida. Wa pili aliona imezidi kidogo, akasema tupime tena baadaye, na sisi hatukurudi. Hakuna aliyeona ngazi nzima, kwa sababu kila kidato kilikuwa kwenye bahasha yake.

Na ile dawa ya magoti? Dada yangu alipiga picha ya pakiti. Ilikuwa diklofenaki, ya kununua tu dukani, na Mama alikuwa anaimeza karibu kila siku kwa mwaka mzima. Dawa za maumivu za aina hiyo, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuumiza figo, hasa za mtu ambaye tayari ana kisukari na presha. Daktari aliisimamisha na kurekebisha zile zingine. Miezi minne baadaye kreatinini ilikuwa 124. Hakusema Mama amepona. Alisema namba imeacha kupanda, na kwa figo hiyo ni habari nzuri.

Huwa najiuliza ingekuwa vipi kama karatasi ya 2023 na ya 2024 zingekaa pamoja. Jibu silipendi, kwa hivyo wacha tuendelee.

Si hiyo ni kazi ya hospitali?

Ni swali la haki, na jibu langu ni ndiyo. Ni kazi yao pia. Lakini hebu tuangalie jinsi mambo yalivyo.

Tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013, dispensari, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti 47. Hospitali za rufaa za ngazi ya 6, kama Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret, ziko chini ya serikali ya kitaifa. Ongeza za kibinafsi, za makanisa na maabara za mtaani. Mgonjwa mmoja anaweza kupita kwa zote ndani ya mwaka mmoja, na kitu pekee kinachosafiri kutoka moja hadi nyingine ni yeye mwenyewe na kile alichobeba mkononi. Ndiyo maana ukienda vituo vingi vya umma bado unaambiwa uje na daftari.

Tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka wa 2023, ambayo inalenga kuunganisha rekodi za afya nchini. Siku hiyo kazi ikikamilika kila mahali, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini figo za mtu hazingoji mfumo ukamilike.

Halafu kuna wale wanaoogopa kuomba. Unafika dirishani, unaambiwa "matokeo daktari ameona, nenda tu nyumbani," unaenda. Usiende. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazoshikiliwa na wengine, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la zile nyeti. Kuomba nakala si kusumbua mtu. Huwezi kulipa kwa tili ukaondoka bila meseji, si ndio? Basi usiondoke maabara bila karatasi.

Akina mama tayari wanajua hii kazi. Kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kina chanjo, uzito na vipimo vya ujauzito, vyote mahali pamoja. Kikipotea nyumba nzima inatafuta. Swali langu ni kwa nini mtoto akimaliza chanjo, mpangilio nao unaisha.

Jinsi ya kupanga, bila kujichosha

Sikupi programu ya kununua. Hii ndiyo njia tunayotumia nyumbani, na inahitaji Jumamosi moja tu.

*Kwanza, kusanya.* Toa bahasha zote juu ya kabati. Kama kuna pengo, omba taarifa ya miamala na utafute majina ya hospitali, maabara na maduka ya dawa. Andika tarehe, kisha uwapigie. Ukiwa na tarehe kamili na namba ya muamala, anayekutafutia ana pa kuanzia.

*Pili, piga picha vizuri.* Weka karatasi mezani, karibu na dirisha, picha ichukue ukurasa mzima. Usikate kichwa cha karatasi wala safu za kando. Daktari anahitaji jina, tarehe, maabara, namba, kizio cha kipimo, na viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni. Kizio ni muhimu kuliko unavyodhani. Sukari ya 7.0 kwenye maabara moja na 126 kwenye nyingine ni sukari ileile, imeandikwa tu kwa vizio tofauti. Ukimwambia daktari "ilikuwa saba" ama "ilikuwa mia na kitu" bila kizio, unamwachia kazi ya kubahatisha.

*Tatu, yape majina yanayojipanga.* Anza na mwaka, mwezi, siku, kisha kipimo: 2024-02-16 kreatinini. Ukifanya hivyo, simu yenyewe inayapanga kuanzia ya zamani hadi ya juzi. Weka yote kwenye folda moja yenye jina la mtu, na nakala nyingine mahali ambapo hata simu ikianguka kwenye maji, haiendi nayo. Mimi nimejifunza hilo kwa njia ngumu.

*Nne, tengeneza ukurasa mmoja.* Huu ndio moyo wa kazi yote. Daktari mpya hana dakika thelathini za kusoma picha arobaini. Mpe ukurasa wenye jina na mwaka wa kuzaliwa, magonjwa na mwaka yalipogunduliwa, upasuaji wowote, dawa au vyakula vinavyomdhuru mgonjwa, na dawa zote anazotumia pamoja na kipimo chake cha miligramu. Nimesema zote. Weka ile ya magoti, weka za mitishamba, weka zile za kununua dukani bila karatasi ya daktari. Halafu chini yake, jedwali dogo la vipimo vinavyofuatiliwa, na tarehe. Kwa Mama ni vitatu: kreatinini, presha, na kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari kwa karibu miezi mitatu. Malizia na namba ya simu ya mtu wa karibu.

*Tano, linda karatasi zenyewe.* Picha za skani ya tumbo na risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi inayotumia joto. Ukiiacha kwenye dashibodi ya matatu au juu ya kabati lenye jua, inafifia mpaka inabaki nyeupe. Na usiipeleke saiba ipigwe lamineti, kwa sababu joto la ile mashine linaifanya nyeusi tii. Piga picha mapema, kisha uiweke kwenye bahasha ya plastiki, mahali penye kivuli. Ukipewa CD ya MRI ama ya CT, itunze pamoja na ripoti yake ya maandishi, moja bila nyingine ni nusu ya kazi.

Kama mzazi wako anatumia kabambe, usimlazimishe simu janja. Mnunulie faili la plastiki na daftari moja. Ule ukurasa mmoja uchapishe, uweke mbele. Mama analo lake, na kusema ukweli, analitunza kuliko mimi ninavyotunza simu yangu.

Kutuma kwa daktari si kutuma kwa kila mtu

Hapa ndipo naona tunakosea sana, na ni jambo linalogusa pesa zako moja kwa moja.

Unapotuma matokeo, unganisha zile picha ziwe faili moja la PDF badala ya picha kumi na saba zinazoingia moja moja. Hakikisha namba kabla ya kutuma, vile unavyosoma jina kwanza kabla ya kuthibitisha malipo. Pesa zikienda kwa namba isiyo sahihi, unaweza kuomba zirudishwe. Matokeo ya mtu yakishasomwa, yamesomwa.

Halafu kuna makundi ya michango. Mtu wetu anaugua, tunafungua kundi la WhatsApp, tunaweka namba ya kuchangia, na ili watu waamini, tunapiga picha ya ripoti nzima ya hospitali na kuitupa humo ndani. Jina kamili, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ugonjwa, kila kitu, mbele ya watu mia mbili ambao nusu yao hatuwajui. Nia ni njema, sikatai. Lakini tapeli akishapata jina, kitambulisho na namba ya simu kwa picha moja, tumemrahisishia kazi ya kujaribu kuteka laini ya mgonjwa. Na mgonjwa akipona, atarudi kijijini akiwa ugonjwa wake umejulikana kabla yake.

Mimi naona hivi: kundi linahitaji kuona bili, si ripoti. Funika namba ya kitambulisho, onyesha jina la hospitali na kiasi kinachodaiwa, na muulize mgonjwa kwanza. Ikiwezekana, watu wachangie moja kwa moja kwa namba ya kulipia ya hospitali. Ripoti ni ya daktari na ya familia.

Na tafadhali, hakuna daktari wala maabara inayohitaji namba yako ya siri ya pesa ili ikutumie matokeo. Ukipigiwa simu na mtu anayedai anatoka hospitalini, akuombe namba ya siri au ile ya kuthibitisha iliyoingia kwa meseji, kata. Kisha piga wewe mwenyewe kwa namba iliyo kwenye risiti yako.

Kitu kimoja nisichokubali

Kuna watu wataisoma hii na kusema: safi, sasa daktari akitaka kunipima tena nitamwonyesha karatasi ya zamani nikatae, niokoe pesa. Pole pole.

Kuna vipimo ambavyo lazima virudiwe. Malaria ya mwezi jana haisemi lolote kuhusu homa ya leo. Hata kundi la damu, ambalo halibadiliki, hospitali italipima tena kabla ya kukuongezea damu, na ni vizuri wafanye hivyo. Lakini kuna vile tunavyolipia mara mbili kwa sababu tu hatukumbuki kama tulishafanya, na skani ya wiki mbili zilizopita inarudiwa kwa sababu CD ilibaki kijijini. Kuuliza "daktari, hiki nilikifanya tarehe fulani, bado kinafaa?" ni swali la heshima kabisa. Uamuzi ni wake. Ila bila karatasi, hata swali lenyewe huna.

Pesa utakayookoa ni sawa, lakini si hiyo iliyonifanya niandike. Nimeandika kwa sababu ya ile 88, 109, 141. Zote tulizilipia. Kila moja nilipata meseji ya kuthibitisha, na kila meseji niliihifadhi. Nilitunza ushahidi kwamba nimelipa, nikapoteza kile nilichokilipia.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya mechi ama kabla ya kufua, chukua saa mbili. Anza na mzazi mmoja. Ukimaliza, anza na wako, hata kama una miaka ishirini na tano na unajiona chuma. Mama sasa, kabla hajapanda matatu kuja Nairobi, ananipigia kuniambia amebeba mboga, maziwa na faili. Mboga siku nyingine husahau. Faili hajawahi.